Tupeane uzoefu: Unatumia brauza gani na kwa nini umebaki nayo?

Mzee wa Kitochi
Wakuu habari za jioni. Nataka tusikilizane humu, nani anaperuzi na nini na kwa sababu gani, ila mtu asije akasema tu "Chrome ndo bora" akaondoka zake, hapana, shusha maelezo.

Naanza mimi, Opera Mini mpaka leo. Waliotumia Nokia za Java wananielewa, enzi hizo unakwangua vocha halafu salio linaliwa kwa kila KB, bila Opera Mini hata kusoma matokeo ya mpira ilikuwa anasa. Siri yake ni kwamba ukurasa hauji moja kwa moja kwenye simu, unapita kwanza kwenye seva zao, huko unakamuliwa, picha zinapunguzwa, wewe unaletewa kitu chepesi. Unabonyeza 8 unashuka, 2 unapanda, kidole kilikuwa kinajua chenyewe. Sasa hivi nina smatifoni ila bando ni lile lile linaisha kabla ya siku zake, kwa hiyo sioni sababu ya kuhama.

fundi_msimbazi
Mkuu hapo kwenye habari na mpira sina ubishi. Ila mambo ya benki usiyafanyie kwenye ile hali yake ya kubana kupita kiasi, ile Extreme. Seva lazima iufungue ukurasa ndo iweze kuubana, maana yake ule ulinzi kati ya simu yako na benki unakatikia katikati. Pia fomu nyingi humo hazifanyi kazi, unabonyeza kitufe kimya.

Mimi Chrome, kwa sababu ndo wateja wangu wanayo. Na niwaambie kitu, simu nyingi zinazokuja dukani "inaganda fundi, inaganda", nikifungua Chrome naangalia pale juu kwenye kiboksi cha namba ya kurasa, nakuta hamna namba, kuna kicheko :D. Hiyo inakuja ukishapita kurasa 99! Mtu ana kurasa za tangu mwaka juzi hajafunga hata moja, simu RAM 2GB, hapo unamlaumu nani.

binti_makorora
Hahaha kaka fundi umenisema 😂

Mimi nina stationari, watu wanakuja kuomba kazi, kuprinti, kuangalia matokeo. Nikawa naona mteja akiingia tu kwenye Gmail inamletea majina ya waliomtangulia, na wengine paswadi zimesevu kabisa. Siku hizi kila mteja namfungulia Incognito, ile hali ya Chrome isiyotunza historia wala paswadi, akimaliza nafunga dirisha, kwisha habari. Ila mjue haifuti vilivyopakuliwa, vyeti na CV za watu zinabaki kule kwenye Downloads, kwa hiyo jioni kabla sijafunga duka napitia nafuta zote. Na wale wanaodhani Incognito inawaficha mpaka kwa mtandao wa simu, pole zenu.

Nax_254
Salamu kutoka Nakuru. Mimi Firefox kwa simu na sibanduki. Sababu ni moja, uBlock Origin, kidude cha kuzuia matangazo. Chrome ya Android haikubali hivyo vidude vya kuongeza, Firefox inakubali. Hizi tovuti za habari zetu jameni, unafungua stori ya aya tatu unakutana na matangazo kumi, video inajichezea yenyewe huko chini, bundles zinaenda na hujasoma kitu. Ukiweka uBlock ukurasa unafunguka haraka na unasoma kwa amani. Ubaya wake kuna tovuti zinakataa kufunguka mpaka uizime.

Mswahili Muscat
Huku Oman mimi siwezi kuacha Chrome, matangazo ya magari yaliyotumika mengi ni Kiarabu, naibonyeza inatafsiri palepale. Kiswahili chake kinachekesha lakini bei na mwaka wa gari naupata.

kijana wa IT
Mnabishana bure wakuu. Edge ya Microsoft tangu 2020 inatumia injini ya Chromium (injini ndo inayoupanga ukurasa, na hiyo ndo iliyo ndani ya Chrome), Opera nayo Chromium, Brave nayo vilevile. Ni Chrome iliyobadilishiwa shati. Firefox ndo ina injini yake. Wenye iPhone ndo kabisa, nje ya Umoja wa Ulaya na Japani brauza zote mle ndani ni WebKit, injini ya Apple, chagua unayotaka.

Nax_254
Sasa wewe mwenyewe unatumia gani?

kijana wa IT
Chrome 😅 laptopu ya kazini hairuhusu nyingine.

Mzee wa Kitochi
Fundi hiyo Extreme naitoaje bila kupoteza ule ubanaji wote?

fundi_msimbazi
Ingia kwenye mipangilio, tafuta sehemu ya kuokoa data, iweke High. Na ukitaka kuingia benki tumia app yao, Opera muachie mpira.

binti_makorora
Kaka fundi na mimi nisaidie, hizo kurasa 99 nazifunga zote kwa mpigo vipi? Kuna moja ya mapishi ya visheti siitaki ipotee.