Ushauri: Nataka kumpeleka mama vijiji vya milimani kusini mwa Hispania, tuanzie wapi?

Mshambaa wa Hannover
Wakuu habari za muda huu. Niko Ujerumani kikazi, mama yangu anakuja kunitembelea mwezi wa tano akitokea Lushoto, ana miaka 67. Sitaki nimzungushe madukani na kwenye mastesheni ya treni halafu arudi nyumbani basi. Mama ni mtu wa milima, mjini akikaa sana kichwa kinaanza kumgonga. Nimeona picha za vile vijiji vyeupe vya Andalusia nikasema huku ndiko kwake.

Shida zangu ni hizi. Mama magoti yanamsumbua, anatembea vizuri tu ila ngazi nyingi hawezi. Pili sisi ni Waislamu na yeye kwenye chakula hana masihara, akihisi sufuria limegusa nguruwe hagusi chakula hicho, anakunywa chai na mkate tu mpaka safari iishe. Tatu sijui kama bila gari inawezekana. Tuna kama wiki moja hivi. Waliowahi kufika naombeni muongozo, nataka afurahi kweli.

Mzee wa Ramani
Mkuu hongera kwa kumkumbuka bi mkubwa. Kwanza chagua upande, maana watu wanachanganya. Kuna vijiji vya milima ya Cádiz na Málaga, yaani Ronda, Grazalema, Zahara de la Sierra, Setenil, halafu kuna Alpujarra iko chini ya milima ya Sierra Nevada, upande wa mji wa Granada. Usijaribu vyote kwa wiki moja, utamaliza likizo barabarani na zile kona bi mkubwa atashuka kwenye gari amechoka taabani.

Mimi ningeenda Alpujarra bila kufikiria mara mbili. Kuna vijiji vitatu vimepandana kwenye bonde moja la Poqueira, chini Pampaneira, katikati Bubión, juu Capileira. Capileira iko mita 1,400 na kitu kutoka usawa wa bahari, karibu sawa na Lushoto yenu, kwa hiyo usiku baridi itakuwepo hata mwezi wa tano, abebe sweta na lile shuka lake. Nyuma yake ndio Mulhacén, karibu mita 3,480, mlima mrefu kuliko yote Hispania ukiacha ule wa visiwa vya Canary, na theluji bado utaiona juu huko.

Kinyozi255
Viza umeshaiwaza? Kama siku nyingi atakaa kwako, aombe viza ya Ujerumani, na hiyo hiyo ya Schengen, yaani viza ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, itamfikisha Hispania. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, bima ya safari isipungue euro 30,000. Pasipoti yake atembee nayo, kopi haitoshi.

Shufaa_Kusini
Mdogo wangu mimi nimeishi Granada, ngoja nikwambie la chakula maana hapo ndipo penye kazi. Milimani huko nguruwe ndio kila kitu. Trevélez, kijiji cha juu zaidi upande ule, kinasifika Hispania nzima kwa mapaja ya nguruwe yanayokaushwa na ule upepo wa baridi. Ukiingia dukani au mgahawani unayakuta yananing'inia darini kwa safu, kila paja chini yake wamechomeka kikombe kidogo cha plastiki kukinga mafuta yanayodondoka. Mwandae mama mapema asije akashtuka mlangoni.

Na usidanganyike na vyakula vinavyoonekana salama. Samaki wa mtoni wa huko, trucha, mara nyingi anakuja na kipande cha nguruwe ndani au juu yake. Supu ya mboga wanarushia vipande vidogo vidogo. Ukisema huli nyama, kuna wanaoona hivyo vipande siyo nyama, wewe sema wazi "sin jamón, sin cerdo", yaani bila paja la nguruwe, bila nguruwe. Viazi vyao vya kukaanga na vitunguu na hoho kwenye mafuta ya zeituni ni vitamu mno, ila kwa mama yako aliye makini hivyo mimi nakushauri upange nyumba yenye jiko. Kabla ya kupanda mlima pitia Granada, bucha za halali zipo, nunua kuku na nyama, beba na sufuria yako moja ndogo, akapike mwenyewe kwa amani. Matunda, asali, lozi na mkate mtapata huko huko.

Halafu Granada msipite tu. Pale mtaa wa Albaicín kuna msikiti mkubwa ulifunguliwa 2003, bustani yake inatazamana uso kwa uso na Alhambra, ile ngome na kasri la kale la watawala Waislamu. Tiketi za Alhambra kata mapema sana, zinaisha, na zinakatwa kwa jina la pasipoti.

Amu Dau
Asalam aleikum. Mimi wa Lamu, nilipofika Pampaneira nilisimama katikati ya njia nikasahau hata kupiga picha. Nyumba zao zimevuka juu ya njia, unapita chini ya chumba cha mtu kama wikio letu vile vile. Paa ni bapa, juu wamemwaga udongo wa kijivu usiopitisha maji. Hii ndiyo ilikuwa nchi ya mwisho ya Waislamu wa huko, Granada ilipoangukia mikononi mwa Wakristo 1492 walibaki milimani kwa shida, wakaasi 1568, baadaye wakafukuzwa wakaletwa watu wa kaskazini. Lakini mifereji waliyoichimba kushusha maji ya theluji mpaka mashambani bado inafanya kazi mpaka leo. Muonyeshe mamako hiyo mifereji, mtu wa shamba la mteremko ataielewa kuliko mtalii yeyote.

Ila magoti sasa. Pampaneira njia ni za mawe na mteremko, nyingine zina mfereji wa maji katikati, zikilowa zinateleza. Nyumba mtafute iliyo karibu na barabara kuu, si ya kupandia vichochoro.

Tausi_M
Mimi napingana kidogo na Mzee wa Ramani. Kwa mtu wa magoti Ronda ni rahisi zaidi, treni inafika, mji wenyewe sehemu kubwa ni tambarare, na lile daraja la 1793 juu ya korongo la karibu mita 100 unalifikia kwa miguu bila jasho. Setenil pia, nyumba zimejengwa chini ya mwamba, mwamba wenyewe ndio paa.

Mzee wa Ramani
Tausi uko sahihi kwa miguu, ila Ronda mchana mabasi ya watalii yanamwaga watu, na jamaa kasema mama hapendi msongamano. Bubión kumetulia.

Shufaa_Kusini
Naongezea ratiba. Saa nane mchana mpaka saa kumi na moja maduka yanafungwa, kijiji kimya, msitoke na njaa saa hizo. Chakula cha usiku migahawani ni kuanzia saa mbili unusu, saa tatu. Na mwambie mama kabisa, mwezi wa tano magharibi inaingia saa tatu na kitu usiku, isha karibu saa tano, alale mchana kidogo.

Mshambaa wa Hannover
Aisee asanteni sana, nimesoma yote nimemsomea na mama kwa simu, ile ya mifereji imemfurahisha mno, kauliza kama wanalima maharage. Nimeamua Granada kidogo halafu Bubión siku zote zilizobaki, nyumba yenye jiko pembeni ya barabara. Swali la mwisho, basi au gari?

Amu Dau
Basi lipo kutoka Granada, linapita Lanjarón, Órgiva, halafu Pampaneira, Bubión na Capileira, safari kama masaa mawili na zaidi. Ni machache kwa siku, angalieni ratiba ya Jumapili hasa. Kutoka Órgiva kupanda juu ni kona mtindo mmoja, mama akae siti ya mbele na tangawizi mkononi.

Kinyozi255
Kwa magoti chukua gari. Kama leseni yako ni ya Bongo tu usiende nayo hivyo hivyo, kodi ukiwa na leseni ya Ulaya. Na gari la automatiki libuki kuanzia sasa, magari ya kukodi kule mengi ni ya gia za mkono. Ukifika liache maegesho ya nje ya kijiji, ndani usijaribu, njia nyingine hata punda anapita kwa kujibana.