Bauhaus walijizika wenyewe mwaka 1983. Walipaswa kufufuka?

MLETA MADA
Wakuu, habari za jioni. Najua wapenzi wa roki ya gothi humu tunahesabika, na wengine mtauliza huyu katoa wapi habari za watu wazima kujipaka wanja na kuvaa makoti meusi. Vumilieni kidogo, hoja yenyewe inamgusa yeyote aliyewahi kuipenda bendi iliyokufa.

Kwa msiowajua: Bauhaus ni vijana wanne wa Northampton, Uingereza, walioanza mwaka 1978. Peter Murphy anaimba, Daniel Ash gitaa, halafu ndugu wawili wa tumbo moja, David J kwenye besi na Kevin Haskins kwenye dramu. Wimbo wao wa kwanza, "Bela Lugosi's Dead" (huyo Bela ni mwigizaji wa zamani wa Dracula), ulitoka Agosti 1979 na unapita dakika tisa. Wengi wanasema gothi ilianzia hapo. Albamu nne zikafuata, ya mwisho mwaka 1983.

Sasa, tarehe 5 Julai 1983 wakapiga kwenye ukumbi wa Hammersmith Palais, London. Hakuna aliyewatangazia watu kwamba ndiyo mara ya mwisho. Walipomaliza, David J akayatamka kwenye maikrofoni yale maneno mawili matatu yanayochongwa kwenye mawe ya makaburi, wakashuka jukwaani. Basi. Nionyesheni bendi nyingine iliyokufa kwa ustadi huo.

Wangeishia hapo ningewapigia saluti. Lakini walirudi 1998, wakarudi 2005, wakarudi tena 2019, na kila mara ikaishia kwenye kununiana au kwenye matatizo. Mwaka 2022 ziara ya Marekani ilifutwa tiketi zikiwa zimeshauzwa. Msimamo wangu: bendi iliyojenga jina lake kwa kuigiza mauti ilitakiwa iheshimu mauti yake yenyewe. Nipingeni kwa hoja.

POPO MZEE
Nakupinga kuanzia sentensi ya mwisho. Mleta mada, unamlilia marehemu ambaye ndugu zake walikuwa hawajaafiki kifo. Hebu kumbuka ilivuja wapi. Walipokuwa wanarekodi albamu ya 1983, Murphy aliugua nimonia vibaya. Wenzake hawakumsubiri, wakaingia studio, Ash na David J wakaimba wenyewe baadhi ya nyimbo. Jamaa anapona anakuta sehemu kubwa ya kazi imeshafanyika. Hicho unachokiita kifo cha ustadi mimi nakiita ugomvi wa nyumbani uliovalishwa suti.

Tena mwaka 1985 walipanga kukutana wote wanne wafanye mazoezi. Murphy hakutokea. Watatu wakaendelea na mazoezi yao, na hapo ndipo ilipozaliwa bendi yao ya Love and Rockets. Kwa hiyo hamu ya kurudiana ilikuwepo miaka miwili tu baada ya mazishi yako. Miaka kumi na mitatu zaidi ilikuwa ya kusubiri hasira zipoe.

KASETI KUUKUU
Mimi nina swali dogo la pembeni. Watatu hao walipata "So Alive", ikafika namba tatu Marekani mwaka 1989. Murphy naye mwaka uliofuata akapata "Cuts You Up". Watu wanakula vizuri wakiwa mbalimbali. Sasa 1998 walirudi kwa mapenzi au kwa bili za umeme?

POPO MZEE
Kwani mapenzi na bili vinagombana wapi? Fundi seremala akitengeneza kitanda cha pili baada ya cha kwanza mnamuuliza kama ana njaa?

MAMA GITAA
Nyie mnabishana kama wanasheria. Nani kati yenu ameusikiliza muziki wenyewe?

Mimi nilijifunza gitaa kwa kukaa na nyimbo hizi usiku, mama yangu akidhani nimepandwa na mashetani. Niwaambie kitu kuhusu "Bela". Sikilizeni dramu: ule ni mdundo wa karibu na bossa nova ya Wabrazili, mwepesi, wa kuchezeka kabisa. Besi inashuka hatua kwa hatua kama mtu anayeteremka ngazi gizani. Gitaa halipigi wimbo, linakwaruza na kurusha mwangwi. Murphy anakuacha usubiri dakika nzima na zaidi kabla hajafungua mdomo. Wimbo wa namna hiyo haukai kwenye santuri kama samaki kwenye friji. Umeundwa kwa nafasi, kwa watu wanne kusikilizana na kuachiana upenyo. Ukiupiga ukiwa na miaka ishirini unakuwa kitu kimoja, ukiupiga na arobaini unakuwa kingine. Chukua ile rekodi ya New York ya mwaka 1998, waliyoiita Gotham. Murphy sauti imenenepa, imekuwa ya chini, ina mamlaka ambayo yule kijana wa 1979 hakuwa nayo. Kijana yule alikuwa anaigiza mzee. 1998 hakuwa na haja ya kuigiza tena.

Kwa hiyo mleta mada, ukisema wangebaki kaburini unaninyima mimi Gotham. Nakataa.

MLETA MADA
Dada, Gotham nakuachia, ile ni kazi. Ila tuongee jukwaa. Mwaka 2005 kwenye tamasha la Coachella, jangwani California, walimfunga Murphy miguu wakamning'iniza kichwa chini kama popo, akauimba "Bela" hivyo hivyo. Picha nzuri, sikatai. Lakini si ni sarakasi? Miaka ya themanini walihitaji taa nyeupe kali, moshi kidogo na uso wa Murphy, mtu akatoka ukumbini hana usingizi. Ukishaanza kuhitaji kamba na winchi ujue kuna kitu kimepungua.

POPO MZEE
Jina langu humu unalisoma kweli? Usinigusie popo.

Halafu unasahau bendi hii ilikuwa ya maigizo tangu siku ya kwanza. Hao ndio waliotokea mwanzoni mwa filamu ya The Hunger, mwaka 1983, Murphy yuko nyuma ya wavu wa chuma anaimba "Bela" na kamera imemganda yeye. Wakaimba "Ziggy Stardust" ya David Bowie, ikawapeleka hadi kwenye runinga ya taifa. Sarakasi ndiyo kazi. Na kuimba umening'inia kichwa chini, damu yote imejaa kichwani, bila kupoteza pumzi, jaribu wewe kwenye kitanda chako uone.

HAKIMU WA MTAA
Nimesoma yote. Huku kwetu mjadala huu usingekuwepo, kwa sababu kwetu bendi ni jina. Msondo ilianza kama NUTA Jazz mwaka 1964, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, wanamuziki wameingia na kutoka, wengine wametangulia mbele ya haki, na jina la Msondo Ngoma bado liko. Hakuna aliyesema imekufa kisa fulani kahamia Sikinde. Hawa Waingereza wamejifunga kwenye watu wanne walewale. Mmoja akinuna, bendi haipo.

MAMA GITAA
Hakimu umeleta kitu kizito. Ila ongeza hapo kwamba ndiyo maana kurudi kwao kuna thamani. Bendi nyingi za umri huo zinazozunguka zina mwanachama mmoja wa asili na vijana wa kukodi. Bauhaus kila walipopanda kwa jina hilo walikuwa wale wanne. Mwaka 2018 Murphy na David J walipozunguka kuadhimisha miaka 40 walitumia jina la Murphy, hawakuthubutu kuandika Bauhaus peke yake kwenye bango kana kwamba wako wote. Hiyo ni adabu.

MUUGUZI WA LOS ANGELES
Naomba niingie, mimi nilikuwepo ukumbi wa Hollywood Palladium Novemba 2019. Mara ya mwisho wote wanne kusimama jukwaa moja ilikuwa 2006, kwa hiyo unajua watu walikuja wakiwa na njaa gani. Kuna waliokuja na watoto wao wakubwa, wote weusi tii toka kofia mpaka kiatu. Nilitoka zamu ya usiku asubuhi ile, sikulala.

Mnachokisahau ni kwamba Agosti ya mwaka huohuo Murphy alipata mshtuko wa moyo akiwa New York, katikati ya mfululizo wa maonyesho yake mwenyewe. Miezi mitatu baadaye yuko mbele yangu. Kwa kazi yangu ninajua mtu wa umri wa zaidi ya miaka sitini akitoka kwenye jambo hilo anatakiwa aende mwendo gani. Nilifurahi mpaka nikalia, sitawadanganya, lakini nusu ya onyesho nilikuwa nachunguza anavyohema. Sikuweza kuacha.

Halafu korona ikaja, ikafuta mipango ya 2020. 2022 wakarudi, wakapiga kwenye tamasha la Cruel World kule Pasadena mwezi Mei, na mwisho wa Agosti tangazo likatoka: ziara imefutwa, Murphy anaingia kituo cha matibabu kushughulikia afya yake. Watu waliandika maneno machafu kuhusu tiketi zao. Mimi nilipumua.

Kwa hiyo kwa mleta mada: sina shida na wao kurudi. Shida yangu ni ukubwa wa ratiba. Watu wanne wa umri ule wangepiga siku tatu kwenye mji mmoja, wapumzike wiki mbili, mashabiki wasafiri kuwafuata. Wanaokuza ziara hawapendi hesabu hiyo kwa sababu hailipi basi na wabeba vyombo.

KASETI KUUKUU
Pole dada, na hongera kwa kuwepo. Mimi nabaki na jambo la nyimbo mpya. Sisters of Mercy hawajatoa albamu toka 1990 na wanazunguka mpaka leo. The Cure walikaa miaka 16 wakatoa moja mwaka 2024, watu wakanyamaza. Bauhaus je?

POPO MZEE
Walitoa. Go Away White, waliirekodi California kwa siku 18, ikatoka 2008. Kabla haijafika madukani walikuwa wameshagombana, hawakuifanyia ziara hata moja.

KASETI KUUKUU
Ndiyo ninachosema. Na wimbo wa Machi 2022, "Drink the New Wine", mnajua ulivyotengenezwa? Kila mmoja alirekodi kipande chake bila kusikia cha mwenzake, halafu vikaunganishwa. Ni mchezo wa wasanii wa zamani wa Ufaransa, najua, na ilikuwa wakati wa kujifungia ndani. Lakini jamani! Bendi ambayo Mama Gitaa anatuambia uhai wake ni kusikilizana, inarudi baada ya miaka 14 na wimbo ambao hakuna aliyemsikiliza mwenzake.

MAMA GITAA
Hapo umenipiga. Nilivyousikia niliupenda, sasa sijui.

MLETA MADA
Wakuu nimesoma. Nilikuja nikisema wasingerudi kabisa. Kwa 1998 Mama Gitaa amenishinda, naondoa hoja. Coachella bado naiita sarakasi, Popo atanisamehe. Ila 2022 narudi palepale, na sasa nina sababu bora kuliko ile ya kaburi niliyoanza nayo. Muuguzi aliyelipia tiketi anakaa anahesabu pumzi za mwimbaji. Onyesho la gothi linamtaka mtazamaji aogope kivuli, si aogope kwamba mtu ataanguka kweli. Hapo mchezo umeisha.

HAKIMU WA MTAA
Na mwaka 2023 watatu wakaanza tena kuzunguka kama Love and Rockets, Murphy hayupo. Ile 1985 imejirudia kama ilivyo. Huyu mmoja watu wamemuonea siku zote, mimi nasema.

POPO MZEE
Kuonewa? Mtu alisilimu, akaishi Uturuki miaka na miaka, ana kazi yake, 2025 katoa albamu mpya, Silver Shade. Wala hahitaji huruma ya Hakimu.

HAKIMU WA MTAA
Sijamuonea huruma, nimesema ameonewa. Ni maneno mawili tofauti, Mzee.

KASETI KUUKUU
Jamani, hiyo Gotham mnayoibishania mimi sijawahi kuipata nzima. Nina nyimbo nne tu, kwenye kaseti, na upande wa pili kuna mawaidha ya mjomba.

MAMA GITAA
Ninayo. Njoo Jumamosi na spika, zangu zimeungua. Na hayo mawaidha ya mjomba usiyafute.