Mrejesho: Baba mdogo na mjane wa rafiki yake

Ndugu zangu, niliwauliza kama baba mdogo, aliyemsihi rafiki yake asafiri na meli ya MV Bukoba katika safari iliyoishia kuzama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, anapaswa kumwomba mjane msamaha. Wengi mlisema hana hatia, kwa kuwa meli ilijaza abiria kupita uwezo wake na yeye hakuwa na namna ya kulijua hilo. Nilimfikishia. Alisikiliza, kisha akasema kinachomlemea hasa si safari ile, bali kwamba baada ya maziko ya Igoma, makaburi ya Mwanza walikozikwa waliokufa kwenye ajali ile, aliikwepa nyumba ya marehemu, watoto wakakua bila kumwona mlangoni. Kumbe tulikuwa tukijibu swali lisilo lake.

Alikwenda kwa mjane akiongozana na mzee mmoja wa ukoo (shangazi alitaka apeleke na mbuzi, jambo ambalo mimi niliona ni kujionyesha). Mama yule alimwambia kwamba kuhusu meli hajawahi kuwa na kinyongo naye. Ama kuhusu kuwatelekeza watoto, msamaha huo si wake kuutoa, awaendee wenyewe. Mkubwa amekubali kuonana naye. Mdogo bado hapokei simu, na baba mdogo ametukataza kumshinikiza.