Nimepata kazi ya fundi sanifu wa ikolojia mbali na watu: nijiandae vipi?

Chipukizi:

Habari zenu, wanajukwaa. Nimemaliza masomo ya sayansi ya mazingira na nimepewa mkataba wa miezi 6 wa kufanya kazi kama fundi sanifu wa ikolojia katika kambi ya utafiti iliyoko msituni, mwendo wa siku nzima kwa miguu kutoka pale barabara inapoishia. Tutakuwa wawili tu, na mtafiti mwenye mradi atatutembelea mara chache. Tutapima miti katika viwanja vya sampuli, tutahudumia kamera za kutegea wanyama na kukusanya vielelezo vya mimea.

Siogopi kutembea wala kulala hemani. Kinachoninyima usingizi ni kwamba hakutakuwa na mtandao wala mwalimu wa kumuuliza, na kosa nitakalolifanya leo huenda lisigundulike mpaka mwakani, wakati hakuna tena namna ya kulirekebisha. Naomba wenye uzoefu mnieleze makosa hayo hutokea wapi hasa, na nijifunze nini kabla ya kuondoka.

Mpimamiti:

Ndugu Chipukizi, karibu katika kazi hii. Hofu uliyo nayo ni ya mtu anayefaa kuifanya, kwa hiyo usiione kuwa ni udhaifu.

Nianze na miti, kwa kuwa ndiyo niliyoishi nayo kwa miaka mingi. Utafundishwa kwamba kipenyo cha mti hupimwa mita 1.3 kutoka ardhini, na utadhani jambo limekwisha. Ukifika uwandani utakuta mti uliosimama kwenye mteremko, na hapo lazima upime urefu huo kutoka upande wa juu wa mteremko. Utakuta mti wenye mizizi iliyopanuka kama mbao hadi juu ya kichwa chako, na itakubidi upande ngazi upime juu ya mwisho wa mizizi hiyo, kisha uandike umepima kwenye kimo gani. Utakuta shina lililozongwa na mimea inayotambaa, nawe utalazimika kuinyanyua na kupitisha utepe chini yake bila kuikata. Miti mingi hunenepa kwa milimita chache tu kwa mwaka, hivyo utepe ukilala upande kidogo, au ukipita juu ya kipande cha gome kilichobanduka, kosa lako linaweza kuzidi ukuaji wa mwaka mzima. Hakikisha pia unajua utepe ulio mkononi unasoma mzingo au kipenyo, kwa maana mti wenye mzingo wa sentimita 94 una kipenyo cha takriban sentimita 30 tu, na nimewahi kuona namba za aina hizo mbili zikichanganywa katika safu moja ya jedwali.

Sasa nikueleze kosa langu mwenyewe. Katika msimu wangu wa pili nilikuwa nikibeba orodha ya vipimo vya mwaka uliotangulia. Nilifika kwenye mti mmoja mkubwa, nikapima, nikapata sentimita 2 pungufu ya kilichoandikwa. Nilirudia, nikapata vilevile. Jua lilikuwa linazama, na nilijiambia kwamba mti hauwezi kusinyaa, kwa hiyo mwenye makosa ni mimi, nikaandika namba inayolingana na ile ya zamani. Baadaye ilibainika kuwa mtu wa kwanza alipima juu ya uvimbe wa shina. Kipimo changu kilikuwa sahihi, nami nilikifuta kwa mkono wangu. Tangu siku ile sibebi vipimo vya zamani ninapokwenda kupima.

Andika ulichokiona, palepale ulipokiona, kwa penseli, kwa kuwa wino huyeyuka ukilowa. Usisubiri jioni. Charles Darwin alipokusanya ndege katika visiwa vya Galápagos mwaka 1835, wengi wa wale ndege wadogo ambao baadaye walipata umaarufu kwa jina lake hakuwaandikia wametoka kisiwa gani. Mtaalamu wa ndege John Gould alipoeleza mwaka 1837 kwamba walikuwa spishi mbalimbali, Darwin alilazimika kutegemea vielelezo vya wenzake wa melini, akiwemo nahodha FitzRoy, ambao waliweka kumbukumbu bora zaidi. Kama lebo ilimponyoka yeye, itatuponyoka na sisi tukiwa tumechoka.

Mtegakamera:

Nakubaliana na mengi aliyoyasema mkuu Mpimamiti, isipokuwa hilo la kuacha vipimo vya zamani kambini. Mimi nashauri vibebwe, lakini vibaki na mwenzako aliyeshika daftari, na asikutajie namba mpaka yako iwe imekwisha kuandikwa. Zikitofautiana sana, rudieni kupima mkiwa bado mbele ya mti, na vipimo vyote viandikwe pamoja na maelezo, bila kufuta chochote. Bila orodha hiyo, mti uliosomwa 31 badala ya 13 utajulikana mkiwa mmekwisha kuondoka msituni.

Kwa upande wa kamera, adui mkubwa ni saa. Betri zikiisha kabisa, baadhi ya kamera hurudi kwenye tarehe ya kiwandani, na utaletewa maelfu ya picha za mwaka ambao hukuwepo kule. Kila unapoifungua na kila unapoifunga, simama mbele yake ukiwa umeshika karatasi yenye namba ya kituo, tarehe na saa, ili ikupige picha. Kisha ng'oa majani yaliyo karibu na lenzi, la sivyo utajaza kadi nzima kwa unyasi mmoja unaotikiswa na upepo.

Jambo jingine ni namba za mahali. Nyuzi 5 na dakika 30 ni sawa na nyuzi 5.5, wala si 5.30. Anayeandika 5.30 katika latitudo anakihamisha kituo chake kwa takriban kilomita 22. Chagueni mtindo mmoja siku ya kwanza, muuweke kwenye vifaa vyenu vyote viwili vya kupimia mahali, na muuandike kwenye jalada la daftari.

Tena, usiache nafasi tupu unapokosa kuona kitu. Sifuri inamaanisha ulitafuta hukukuta. Nafasi tupu inamaanisha hakuna anayejua kama ulitafuta. Atakayechambua data hizo hatakuwa na njia ya kukuuliza.

Mama wa Kambi:

Mwanangu Chipukizi, wenzangu wamezungumzia data, nami niruhusu nizungumzie mwili wako, kwa sababu nimewahi kumsindikiza kijana aliyebebwa kwa machela siku mbili kwa ajili ya jino. Nenda kwa daktari wa meno kabla ya safari. Uliza chanjo zinazohitajika huko uendako, na kama mradi unashika popo au wanyama wengine wanaouma, zungumza na daktari mapema kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa, maana huwezi kuanza kuitafuta ukiwa msituni.

Maji ya mto yachemke kwa nguvu walau dakika 1, na mkiwa juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, dakika 3. Mtu akiumwa na nyoka, usichanje, usinyonye jeraha, wala usifunge kamba ya kuzuia damu. Vua pete na saa kabla ya uvimbe, tulizeni kiungo kisitikisike, na safari ya kuelekea hospitali ianze mara moja. Kwa sababu hiyo, njia ya kumtoa mgonjwa lazima ijulikane kabla ya mgonjwa kuwapo: nani anapigiwa kwa simu ya setilaiti, mnabebwa na nini, na mto ukifurika mnapita wapi. Mkiwa hamna majibu ya maswali hayo, mwombe mwenye mradi ayatoe kwa maandishi kabla hujaondoka. Hiyo ni haki yako, wala usione haya kuidai.

Kila asubuhi acheni kambini karatasi inayoonyesha mnakokwenda na saa ya kurudi. Na huyo mwenzako, kaeni mzungumze mapema juu ya mambo madogo, kama nani anapika, nani anahitaji ukimya asubuhi. Nimeona kambi zikivunjika kwa ajili ya sufuria isiyooshwa kuliko kwa ajili ya chui.

Chipukizi:

Nawashukuru sana, mama na wakuu wangu. Nimekwisha kumwandikia mwenye mradi kuhusu mpango wa dharura. Nina swali moja lililobaki: nifanye nini nikikutana na mmea nisioujua? Najua nitakutana nayo kila siku.

Mpimamiti:

Usibahatishe jina. Ukiwa na uhakika wa familia tu, yaani kundi kubwa la mimea yenye undugu, andika familia; ukiwa huna uhakika wa chochote, upe namba na uendelee kuitumia namba hiyohiyo kwa kila mti unaofanana nao. Jina lililobahatishwa hufanana kabisa na jina la kweli likishaingia kwenye jedwali, ilhali namba huonyesha wazi kuwa kazi haijakwisha.

Chukua tawi lenye maua au matunda kama yapo, ulilaze ndani ya gazeti na kugeuza jani moja ili pande zote mbili zionekane. Hewa ikiwa na unyevu mwingi na hamna namna ya kukausha, mafungu ya magazeti yakifungwa ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na alkoholi hukaa wiki kadhaa bila kuoza. Lakini kabla hujalikandamiza, kwaruza gome, vunja jani, unuse, kisha uandike rangi ya ua, rangi ya utomvu na harufu yake, kwa sababu hayo matatu hayatakuwapo tena tawi likishakauka.