Koki za zamani Nakuru: vipuri gani viwekwe stoo, na vile adimu vinatoka wapi?

Stoo_Langalanga anauliza:

Wadau wa mabomba, habari zenu. Ninasimamia ukarabati wa nyumba 24 za kupangisha hapa Nakuru, nyumba za zamani, kila moja ina koki tatu au nne: sinki ya jikoni, beseni, bafu, na nyingine zina koki ya nje. Ni mchanganyiko. Zipo za brasi nzito zilizopigwa mhuri wa BS 1010 (kiwango cha Uingereza cha koki), zipo zinazofunga kwa robo mzunguko, na kuna mikisa za mkono mmoja (koki za kuchanganya maji moto na baridi) ambazo wapangaji walijiwekea.

Shida ni kwamba koki ikianza kuvuja, fundi anafunga geti valvu, anaifungua, halafu anaanza kuzunguka hadwea na spindo (ile sehemu ya ndani inayozungushwa na mkono wa koki) huku ploti nzima haina maji. Nataka sanduku la vipuri litakalomaliza kazi nyingi siku hiyo hiyo. Nianze na nini, na kwa idadi gani? Spindo nizitambueje kabla ya kulipa, maana kwa macho zinafanana na zikifika kwenye koki haziingii? Na zile ambazo hadwea hazileti tena, ninyi wa Nakuru hadi Kisumu mnazipata wapi?

---

Fundi_Section58 anajibu:

Usinunue kitu kabla hujapita nyumba zote na daftari. Kila koki iandikie ukubwa wake, nusu inchi au robo tatu, na inazunguka kiasi gani hadi ifunge. Inayozunguka mara mbili tatu ni ya washa, kile kipande cha mpira kinachoziba maji. Inayofunga kwa robo au nusu mzunguko ni ya kauri, yaani ya visahani viwili vigumu vinavyosuguana. Ya mkono mmoja ina katriji, kipande kizima cha ndani kinachobadilishwa chote. Aina hizi tatu hazigawani vipuri vya ndani, kwa hiyo hesabu hiyo ndiyo itakayokuambia pesa ziende wapi.

Kwa nyumba 24 za zamani, nikichukulia nyingi ni za washa, ningeweka washa za nusu inchi 100, za robo tatu 20, jampa kamili (kijiti cha brasi kinachobeba washa) za nusu inchi 20 na za robo tatu 5, tepu nyeupe roli 10, sanduku moja la oringi (pete za mpira) mchanganyiko, uzi wa grafiti kidogo wa kufungia shingo ya spindo, na skrubu za mikono za brasi. Kisha koki nne mpya za nusu inchi, nzima, kwa siku ambayo mwili wa koki umepasuka usiku na hakuna cha kutengeneza. Spindo zisubiri hadi umalize kupima.

Washa ya nusu inchi ina kipenyo cha karibu mm 19, ya robo tatu karibu mm 25. Usikubali kubwa ukitarajia kuipunguza kwa kisu. Ukingo ukiwa na mawimbi haikai sawa na itavuja upande mmoja. Dukani ikunje hadi pande mbili zigusane. Ikionyesha nyufa ndogo kwenye mkunjo, ni mpira uliokaa miaka kwenye jua la dirishani. Mia za namna hiyo ni hasara.

Jampa nazo zina aina mbili na watu wengi hawaziangalii. Kuna inayokaa huru ndani ya spindo, ukiigeuza inaanguka, na kuna iliyopigwa pini. Ile huru inategemea maji yenyewe yaisukume juu, kwa hiyo inafaa laini inayotoka moja kwa moja kwa kampuni ya maji. Ina faida nyingine: maji yakikatwa na laini ikaanza kuvuta kurudi nyuma, inaanguka na kuziba, uchafu wa ndoo au beseni hauingii kwenye bomba. Kwenye koki inayolishwa na tangi la juu ya paa lililo karibu, presha ni ndogo na jampa huru inaweza kutoinuka vizuri. Mpangaji atasema koki imeziba wakati haijaziba. Huko weka ya pini.

---

MajiKondele anajibu:

Hapo kwa spindo, omera, dawa ni venia, kifaa cha kupimia milimita. Hata ile ya plastiki inatosha. Usiende hadwea na maneno "spindo ya nusu inchi", nenda na vipimo vinne.

Cha kwanza ni uzi (ile mikato ya skrubu) unaoingia kwenye mwili wa koki. Zile za mhuri wa BS 1010 kwa kawaida ni nusu inchi BSP, uzi wa bomba wa kipimo cha Uingereza: kipenyo cha nje ya uzi kinakaribia mm 21, na ya robo tatu mm 26.4. Lakini kipenyo peke yake kinadanganya, kwa sababu koki za bei nafuu zina uzi wa milimita unaokaribiana nao. Pima kutoka kilele cha uzi hadi kilele cha tano baada yake. Kwenye BSP hizo mbili utapata karibu mm 9, kwa kuwa zina nyuzi 14 kwa inchi. Ukipata 7.5 au 5, huo ni wa milimita na hautakaa. Spindo ngeni huingia mizunguko miwili kwa ulaini kisha inakaza. Hapo simama. Ukiongeza nguvu ya spana umeharibu uzi wa mwili, na koki nzima imekwenda.

Cha pili, urefu kutoka ukingo unaokalia mwili hadi ncha ya juu. Fupi sana mkono hauishiki, ndefu sana kifuniko hakifiki chini. Cha tatu, kichwa kinachoshika mkono: za zamani sana ni mraba, nyingine zina meno. Hesabu meno, usikadirie. Ya kawaida ni 20 na 24, na kwa macho huwezi kuyatofautisha. Tia alama ya kalamu kwenye jino moja uzunguke. Mkono wa meno 24 ukilazimishwa kwenye kichwa cha meno 20 utashika leo, kisha utaanza kuteleza. Cha nne ni cha kauri pekee: upande wa kufunga. Beseni lenye koki mbili mara nyingi moja inafunga kulia na nyingine kushoto ili mikono ikae sawa. Kwa hiyo kauri nunua kwa jozi. Kwa ploti yako jozi 4 za meno 20 na jozi 2 za meno 24 zinatosha kuanza, lakini daftari likisema vingine fuata daftari.

Katriji za mkono mmoja nyingi ni mm 35 au mm 40 kwenye kitako. Geuza uangalie chini: kuna kitako bapa na kuna kilichoinuka, na pini mbili za kuishikilia isizunguke. Mm 35 ya bapa haikai mahali pa iliyoinuka hata kama kipenyo ni kile kile. Weka mbili mbili tu. Hizi ni bora kupeleka sampuli.

---

Stoo_Langalanga anaongeza:

Asanteni sana, nimeshaanza daftari. Kuna koki moja ya bafu, brasi, mhuri upo, inabadilishiwa washa na baada ya wiki chache inadondosha tena. Washa ikitolewa ina mkato kama wa kisu upande mmoja. Je, ni washa mbovu?

---

Fundi_Section58 anajibu:

Hiyo si washa, ni kiti. Weka tochi ndani ya mwili ukiwa umetoa spindo, halafu pitisha ncha ya kidole kwenye ule mduara ambao washa inaukalia. Utahisi kichongo au mfereji mdogo. Koki ikiachwa ikidondosha muda mrefu, maji yanapita kwa kasi kwenye upenyo mwembamba na yanachimba brasi polepole. Kila washa mpya unayoweka inakatwa pale pale, na mpangaji naye anazidi kukaza mkono, inakatwa haraka zaidi.

Tafuta kifaa cha kusagia kiti, kinachofungwa kwenye uzi wa spindo na kuwa na kisu cha duara chini. Kikikaa wima, zungusha kwa mkono, shinikizo dogo, mizunguko michache, toa uangalie. Unataka mduara unaong'aa pande zote bila doa jeusi. Ukiupata, acha. Kiti kikisagwa kupita kiasi kinabaki chembamba na spindo haifiki tena. Baadaye fungua maji kwa nguvu kabla ya kurudisha spindo, ili unga wa brasi utoke, funika shimo kwa kitambaa usije ukalowesha ukuta. Kifaa hiki kimoja kitakuokolea koki nyingi kuliko sanduku zima la washa, ninakusihi ukinunue kabla ya vingine. Ukikutana na kiti kilichochimbika sana, kuna viti vya nailoni vinavyokaa juu ya cha zamani na huja pamoja na jampa yake. Ukiviona hadwea chukua vitano.

Na fundi wako akumbuke mambo mawili anapofungua. Koki iwe imefunguliwa nusu kabla ya kulegeza kichwa cha koki (sehemu ya spindo iliyofungwa kwenye mwili), la sivyo jampa inabana kwenye kiti na unapigana na spindo bure. Pili, spana moja ishike kichwa na nyingine ishike mwili. Bomba la chuma la zamani ndani ya ukuta limeliwa na kutu penye uzi. Ukilisokota linakatikia ndani ya plasta, na kazi ya washa inageuka kazi ya kuvunja ukuta.

---

Vyuma_Kakamega anajibu:

Kuhusu vilivyopotea madukani. Hadwea kubwa zinaleta kinachouzika, yaani koki nzima. Vipuri utavikuta kwenye maduka madogo ya zamani yenye makopo nyuma ya kaunta, yale ambayo mwenyewe anajua kila kopo lina nini. Mpe sampuli, muulize pia za Pegler na Cobra kwa jina, kwa sababu nyumba nyingi za zamani zina hizo. Akikosa, mwambie aiagize kutoka Nairobi ije kwa gari la vifurushi, lakini atume picha ya spindo ikiwa kando ya venia kabla hujatuma pesa.

Chanzo cha pili ni nyumba zinazobomolewa au kubadilishiwa bafu. Zungumza na mafundi wa ujenzi, wakuuzie au wakuwekee koki zote za brasi badala ya kuziuza kwa kilo. Koki mbili zilizokufa za aina moja mara nyingi zinazaa moja nzima: moja imeharibika kiti, nyingine uzi wa spindo. Kibuye kule Kisumu na kwa wauza vyuma wa Nakuru utakuta marundo. Hapo kuwa mwangalifu sana. Koki na mita za maji zinaibiwa kwa ajili ya brasi, na Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015 inamtaka mfanyabiashara awe na leseni. Nunua kwa mwenye leseni na udai risiti. Mzigo wa koki ishirini zinazofanana, zimekatwa na msumeno bomba likiwa bado limening'inia, huo usiuguse.

Unapochagua kwenye rundo, kwangua sehemu isiyoonekana kwa kisu. Brasi ni ya njano. Ikiwa na madoa ya waridi na inavunjikavunjika kama biskuti, zinki imeshatolewa na maji, na mwili huo hauna uhai tena. Ikiwa ni nyeupe ya kijivu ndani na nyepesi mkononi, ni aloi ya zinki iliyopakwa kromu, achana nayo.

Cha tatu, karakana yenye mashine ya kuchonga vyuma. Spindo ya mraba iliyolika inaweza kuchongwa upya kutoka fimbo ya brasi. Inafaa pale koki zako kumi ni za aina moja na unachonga kumi kwa mpigo. Kwa moja tu, gharama itapita koki mpya.

---

Robotatu_Milimani anajibu:

Nakubali mengi ila hapa kwa kauri mnamtia gharama. Nyumba za kupangisha zenye mgao wa maji hazifai kauri. Maji yakirudi baada ya kukatika yanakuja na kutu na mchanga wa bomba, chembe moja ikiingia kati ya visahani inakwaruza na hakuna washa ya kubadilisha. Katriji ikifa, kama nafasi ipo, badilisha koki yote iwe ya washa.

---

MajiKondele anajibu:

Kwa koki za nje na za jikoni niko nawe. Ila wengi wanatupa kauri nzima wakati kilichokufa ni ile pete ya mpira chini yake, au visahani vina uchafu tu. Itoe, ioshe kwa maji safi, angalia pete, rudisha. Kama kuna ukoko mweupe wa maji ya kisima, loweka kwenye siki nyeupe kwa nusu saa, usilaze usiku kucha maana kromu inaharibika. Maji yakirudi baada ya mgao, koki iliyo chini kabisa kwenye ploti ifunguliwe ya kwanza, iachwe hadi maji yawe meupe, ndipo za ndani zifunguliwe.

Halafu Stoo_Langalanga, ongeza kwenye sanduku grisi ya silikoni, kopo dogo. Usiruhusu grisi ya gari kwenye oringi. Mpira wa EPDM, aina inayotumika kwenye oringi nyingi, unavimba ukiguswa na mafuta ya petroli, koki inakuwa ngumu kisha pete inachanika. Na ikiwa maji yanatoka shingoni mwa spindo koki ikiwa wazi, kaza nati ya shingo robo mzunguko kwanza. Isipokoma, ifungue, toa uzi wa zamani wote kwa msumari, zungusha uzi wa grafiti mara tatu au nne kuelekea upande ambao nati inakazia, na ukaze hadi mkono wa koki uwe na uzito kidogo tu. Huna uzi wa grafiti, sokota tepu nyeupe iwe kamba na uifunge vivyo hivyo.