Skatingi za mbao juu ya vigae: kufunga kwanza au rangi kwanza?

Mkazi_Tabata
Wakuu habari zenu. Nakarabati nyumba. Vigae vimeshawekwa, kuta za bloku zimepigwa plasta upya. Nataka skatingi za mbao (ubao wa kuzungushia ukuta kwa chini) rangi nyeupe, na urembo wa kuzungushia fremu za milango. Chumba ni mita 4 kwa 3.5, mlango wa sentimita 90 uko upande mfupi. Fundi anasema anapigilia misumari ya zege, rangi itapakwa zikiwa ukutani. Za zamani zilioza chini, rangi ikabanduka. Ninunue mbao ngapi, na kipi kinatangulia?

Randa_Kali
Mkuu, urembo wa mlango ndio unatangulia, skatingi inakuja kugota pembeni yake. Urembo uwe mnene kuliko skatingi, japo kwa milimita 3, la sivyo ncha ya skatingi itachomoza.

Mzunguko wako ni mita 15, ukitoa mlango inabaki 14.1. Ubao wa inchi 1x4 wa futi 12 ni kama mita 3.66. Nne zinatosha kwa kubanana: kila ukuta wa mita 4 unapungukiwa sentimita 34, na vipande hivyo viwili vinatoka kwenye mabaki ya upande wa mlango. Chukua tano, maana hukosi mmoja uliopinda. Kiungo cha katikati ya ukuta kikatwe mshazari, si kichwa kwa kichwa. Paini ya Mafinga inafaa, ila mara nyingi inafika mjini mbichi. Ilaze chumbani juu ya vipande vya mbao, hewa ipite, wiki mbili hivi. Ukiifunga mbichi itasinyaa na kona zitaachia.

Misumari ya zege achana nayo, inamegua plasta na ubao unalegea. Weka plagi za plastiki ndani ya tundu la ukuta na skrubu za inchi 3: ubao unakula milimita 20, plasta 15, inabaki 40 ndani ya bloku. Ya inchi 2 inashika bloku milimita 15 tu. Funga kila sentimita 60, na karibu na kila ncha. Andaa kama 30. Ziwe za zinki, kutu hutoboa rangi nyeupe. Na usitoboe chini ya soketi, bomba la waya huenda limepita hapo.

Kona za ndani usikate nyuzi 45, kuta zetu ni nadra kunyooka hivyo. Ubao wa kwanza ugote ukutani, wa pili uchongwe ncha kufuata umbo la wa kwanza. Nyuzi 45 na gundi ni za kona za nje.

Brashi_Laini
Zile za zamani ziliozeshwa na deki. Ubao hunywa maji kwa chini, na ukishafungwa brashi haifiki tena huko. Kwa hiyo paka praima (rangi ya msingi) pande zote nne kabla ya kufunga, na kila ncha unayokata irudie hapo hapo.

Msasa namba 120 halafu 180. Macho ya paini yapakwe shelaki, utomvu usije kutoka na madoa ya njano. Kisha praima, undakoti (rangi ya kati), rangi mkono wa kwanza. Sasa funga, ukiinua ubao kwa misalaba ya vigae (vile vya plastiki vya kuachanisha vigae) ya milimita 3. Ziba vichwa vya skrubu kwa puti, piga msasa 240, malizia mkono wa mwisho. Ufa wa juu, kati ya ubao na ukuta, jaza akriliki (kizibio kinachoshika rangi). Rangi haishiki kwenye silikoni. Silikoni ni ya ule mwanya wa chini, mwisho kabisa.

Lita moja ya kila aina ya rangi inatosha na kubaki. Rangi ya mafuta nyeupe hugeuka njano vyumba vyenye giza, bora enameli ya maji. Ila kwanza bandika nailoni ukutani siku nzima: ikitoa jasho kwa ndani, plasta bado mbichi, usifunge kitu.

Mkazi_Tabata
Shukrani wakuu. MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa) je? Na jikoni?

Randa_Kali
MDF ikilowa inavimba na hairudi. Chumbani sawa kama hakuna deki ya ndoo nzima.

Grauti
Jikoni na korido weka skatingi ya kigae hicho hicho. Cha 60x60 kinatoa vipande vitano vya sentimita 10, ila viwili tu ndivyo vyenye ukingo wa kiwandani. Vingine fundi alainishe ukingo wa juu kwa grenda, unakata ngozi ya mtu.