Ziwa likichafuka usiku mnajuaje ndugu zenu wako salama?

binti_wa_Igombe:
Shikamooni wakubwa, wengine habari za saa hizi. Juzi usiku ule upepo na mvua mdogo wangu alikuwa kambi ya dagaa visiwani huko Ukerewe, Ziwa Victoria, nimempigia tangu saa tano mpaka alfajiri haipatikani, WhatsApp tiki moja tu. Asubuhi kwenye grupu la ukoo mtu katupia picha ya mtumbwi umepinduka kaandika "Ukerewe usiku huu", mama akaiona yuko jikoni, akakaa chini na mwiko mkononi, uji ukaungua hakuna aliyeushika. Saa mbili dogo kapiga kwa simu ya tajiri wake, mzima kabisa, hawakuingia hata majini, simu yake iliisha chaji. Na ile picha binamu yangu kasema aliiona mwaka jana!! Sasa nauliza jamani, hii mitandao mnaitumiaje mpaka mjue kweli mtu yuko salama? Mama hawezi kupitia hiyo tena.

Mhaya_Nyegezi:
Pole sana dada, na mpe pole mama. Mimi ni wa Bukoba, lile tetemeko la 10 Septemba 2016 lilinikuta hapahapa Mwanza, Jumamosi saa tisa na nusu mchana, ukubwa wa 5.9, hata huku tulilisikia. Nikaanza kumpigia mama kama mwendawazimu na kumbe kila mtu anapiga kwao muda huohuo ndo maana laini zinajaa. Kilichoingia ni meseji ya kawaida kutoka kwenye kitochi cha mama, "tuko nje ukuta wa jiko umeanguka wote wazima". Meseji ni ndogo, ikikosa njia inasubiri ikipata upenyo inapita, simu ya sauti ikikosa imekosa. Nikaiposti Facebook mara moja, nikataja majina ya wote waliokuwa pale uani na saa niliyopata habari, basi shangazi wa Dar, kaka wa Kampala wote wakaona palepale wakaacha kumpigia mama, chaji yake ikabaki maana umeme ulikuwa umekatika. Hiyo saa andikeni jamani, "wako salama" bila saa kesho yake mtu anaifowadi tena hujui ni ya lini.

fundi_simu_Makoroboi:
Facebook wana kile kitufe cha kujitangaza uko salama, walikileta 2014 baada ya kujifunza kwa Wajapani na tsunami yao ya 2011. Kizuri, ila kinawashwa kwa janga kubwa, upepo wa usiku mmoja ziwani usikitegemee. Tiki moja maana yake meseji haijafika kwenye simu, inaweza kuwa chaji, bando au mnara, sio kwamba mtu kapata shida. Na tiki mbili nazo zinakwambia simu iko hewani tu, simu anaweza kuwa nayo mtu mwingine, subiri sauti yake. Ukiona kweli kuna hatari piga 114 zimamoto na uokoaji, usiishie kuposti.

mama_Nansio:
Marahaba wanangu, mimi niko hukuhuku Ukerewe. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara 20 Septemba 2018, kwenye grupu letu kuna waliowahi kuandika "pumzika kwa amani" kwa watu ambao hawajaonekana bado. Tarehe 22 fundi mmoja wa meli akatolewa mle ndani mzima, siku mbili! Tangu siku hiyo sikubali mtu aandike habari ya mtu grupuni kabla hajasema nani kamuona, kwa macho, na wapi. Binti, tafuta namba ya mwenyekiti wa BMU, kile kikundi cha kusimamia uvuvi, wa mwalo wao wanakotia mitumbwi, yule anajua mtumbwi gani umetoka na upi umerudi, WhatsApp haijui hayo.

binti_wa_Igombe:
Asanteni sana, mama Nansio marahaba zako nyingi nimezipokea kwa heshima. Nimeshapata namba ya tajiri na ya BMU nimeziandika kwa kalamu ukutani jikoni, maana mama simu yake hasomi vizuri. Dogo kakubali akitoka majini kila asubuhi atatuma meseji neno moja, "nimetua", hata kwa simu ya mwenzake. Leo imeingia saa kumi na mbili na robo, mama kaniambia nimsomee mara mbili.